Goma: Vita ikipita, nani anaangalia moyo wa mtoto wa chini ya miaka sita?

Mtoto aliyezaliwa Rutshuru mwezi wa sita mwaka 2022, siku zile Bunagana ilipoanguka mikononi mwa M23, hakuwa bado na miezi mitano wakati wazazi wake walipokimbia kuelekea Kanyaruchinya mwishoni mwa Oktoba. Alijifunza kutambaa, kusimama na kutembea juu ya mawe meusi ya volkano, pembeni ya kibanda cha turubai. Mwisho wa Januari 2025 kambi hiyo nayo ilikimbiwa, na vita ikaingia ndani ya Goma yenyewe. Siku chache baadaye, mwezi wa pili, wakimbizi waliokuwa bado kambini wakaambiwa waondoke. Kabla ya kutimiza miaka mitatu, mtoto huyo alikuwa amehama mara tatu.

Hatumzungumzii mtoto mmoja. Hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na maelfu ya watoto wa Rutshuru, Nyiragongo na Masisi. Majina yao yamo katika daftari za chanjo, uzito wao umeandikwa kwenye karatasi za kituo cha afya, na wengi walipita kwenye orodha za mgao wa chakula. Jambo moja halina daftari: hali ya moyo wa mtoto huyo, namna anavyowaamini watu wakubwa, namna anavyocheza na wenzake, na kama bado anaweza kulala usiku bila kushtuka.

Katika mji huu, maneno juu ya watoto na vita huwa juu ya mambo mawili: masomo ya primeri yaliyofungwa na kufunguliwa tena, na vijana wanaoingizwa katika makundi ya silaha. Yote mawili ni mazito. Lakini wale wa chini ya miaka sita wanabaki nyuma ya mgongo wa mama, na watu wakubwa wanajituliza kwa kusema kwamba mtoto mdogo hajui kitu, atasahau. Maneno hayo yanastahili kuchunguzwa, kwa sababu juu yake tumejenga karibu kila uamuzi.

Mtoto mdogo anajua nini?

Mtoto wa mwaka mmoja hajui nani anapigana na nani. Anachojua ni sauti, mikono na uso wa yule anayemlea. Akilia na mtu akamjibu, akitabasamu na mtu akatabasamu naye, mara mia kwa siku, akili yake inajifunza kwamba dunia ni mahali ambapo msaada unakuja. Hapo ndipo anaanza kupata ujasiri wa kwenda mbali kidogo, kugusa, kuuliza, kucheza na mtoto wa jirani, halafu kurudi mapajani.

Jambo hili halikugunduliwa Ulaya peke yake. Moja ya uchunguzi wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika hapa karibu, Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mtaalamu Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga pamoja na mama zao nyumbani kwao. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anamfahamu vizuri na kumjibu alikuwa anatambaa kwenda kuchunguza vitu kwa utulivu, akijua pa kurudi. Aliona pia kwamba watoto hao walishikamana na watu wengine: baba, bibi, ndugu wakubwa. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na mpaka leo walimu wa saikolojia wanakitumia.

Ushahidi mwingine ulitoka kwenye vita. Wakati London ilipokuwa inapigwa mabomu katika vita vya pili vya dunia, Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulelea watoto huko Hampstead. Waliona jambo ambalo watu hawakulitegemea: watoto wengi waliobaki karibu na mama zao mabomu yakianguka waliumia moyoni kidogo kuliko wale waliopelekwa mahali pa usalama, mbali na wazazi. Mtoto mdogo anaweza kuvumilia kelele nyingi kama mikono inayomshika ni ileile na haitetemeki sana. Mikono ile ikitoweka, hata mahali penye utulivu panakuwa na hofu.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mtoto wa miaka miwili hatakumbuka tarehe ya vita. Lakini mwili wake unaweka alama. Hofu ya muda mrefu bila mtu wa kuituliza inaufanya mwili ubaki macho kila saa, na inasumbua usingizi, chakula na usemi. Wazazi wa Goma wanazijua dalili hizo hata kama hawazipi jina: mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena; aliyekuwa anasema maneno kumi ananyamaza; mwingine haachi nguo ya mama hata kwenda chooni; mwingine anapiga wenzake kwa sababu ndogo. Watoto wanacheza vita kwa vijiti. Mchezo huo wenyewe si ugonjwa, maana kucheza ni njia ya mtoto ya kusimulia alichokiona. Wa kuangaliwa zaidi ni yule ambaye hachezi kabisa.

Goma imeshapita hapa

Mji huu una historia ndefu ya watoto waliopotezana na wazazi. Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu kwa siku chache, kipindupindu kiliua watu wengi na kuacha watoto peke yao kando ya barabara. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipokata mji katikati, familia zilitawanyika upande wa Gisenyi na upande wa Sake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena. Siku zilizofuata, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao katika ile mbio ya usiku.

Kila mara somo limekuwa lilelile. Kazi ya kwanza baada ya kuokoa maisha ni kumrudisha mtoto kwa watu wake. Msalaba Mwekundu na mashirika ya kulinda watoto wamejenga ujuzi mkubwa katika kazi hiyo: kuandika jina, kijiji, jina la babu, alama ya mwilini, kisha kutafuta. Mzazi asipopatikana, desturi ya Kivu inatoa njia ya pili, ambayo ni shangazi, mjomba, bibi, au jirani wa kijiji kimoja.

Njia ya tatu, yaani kituo cha mayatima, inapaswa kubaki ya mwisho, hasa kwa wachanga. Romania ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 2000, watafiti walifuata watoto 136 waliokuwa wanaishi katika vituo vya Bucharest. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa katika familia za malezi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, na waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walioweza zaidi kushikamana na mlezi kwa utulivu. Vituoni chakula kilikuwepo na paa lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kudumu, maana walezi walikuwa wanabadilishana kwa zamu na mtoto hakuwa wa mtu yeyote.

Hapa Goma, ambako bango la kituo cha mayatima linaweza kuvuta msaada wa kigeni haraka kuliko bibi anayelea wajukuu wanne huko Ndosho, swali hili linahitaji kuulizwa waziwazi: pesa hizo zingemfikia bibi huyo, je, watoto wangapi wangebaki nyumbani?

Kambi zilipofungwa

Kwa muda mrefu, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na kambi nyingine zilizozunguka mji zilikuwa mahali pa taabu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert, yakaua watu zaidi ya kumi, na watoto wakiwa miongoni mwao. Hata hivyo, kambini kulikuwa na kitu kimoja ambacho vijiji vingi havina: nafasi rafiki kwa watoto, yaani hema au uwanja wenye walezi, ngoma, mipira na ratiba. Mtoto alijua kwamba saa fulani ataimba na wenzake. Kwa mtoto ambaye kila kitu kimebadilika, ratiba ni dawa.

Mwezi wa pili mwaka 2025 wakimbizi wengi walipewa saa 72 waondoke. Viongozi wa AFC/M23 walisema watu wanarudi kwao kwa hiari. Umoja wa Mataifa na watetezi wa haki za binadamu walionyesha wasiwasi wao. Wengine walirudi Sake, Masisi au Rutshuru na kukuta nyumba zimebomoka. Wengine walijibana katika familia za Goma, katika makanisa au katika majengo ya shule. Nafasi za watoto zilikuwa zimefungwa na kambi kama mlango na nyumba: kambi ilipobomolewa, nazo zilikwenda.

Wakati huohuo pesa zilikauka. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa zaidi wa misaada ya dharura nchini Kongo, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Shirika linaloambiwa lichague kati ya dawa ya kipindupindu na mchezo wa watoto litachagua dawa, na hakuna wa kulilaumu.

Ndiyo maana swali la leo halipaswi kuwa namna ya kurudisha mahema yale. Familia zimetawanyika, na msaada unaongoja watu mahali pamoja hautawakuta. Unapaswa kwenda pale ambapo mama wa mtoto mchanga anakwenda tayari.

Mlango uliopo tayari

Mlango huo upo. Ni CPS, ile siku ya kupima kilo na kuchanja kwenye kituo cha afya, iliyowekwa kwa watoto hadi miaka mitano. Vita au amani, mama wengi wa Goma na vijiji vya karibu wanapeleka watoto pale. Wanangoja kwa saa nyingi kwenye benchi, mtoto mapajani. Saa hizo za kungoja zinapotea bure.

Kisiwa cha Jamaika kilionyesha kinachowezekana. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa kwa njaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa kila juma kwa miaka miwili na mhudumu wa kawaida wa afya, si daktari. Alicheza na mtoto pamoja na mama kwa muda wa saa moja, akitumia vitu vya kutengenezwa nyumbani, na kumwonyesha mama namna ya kuzungumza na mtoto na kumsifu. Miaka 20 baadaye, wale waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa.

Mfano huo unatuhusu moja kwa moja. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulikuta karibu asilimia 42 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Kongo pia ina RECO, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wanaoingia nyumba kwa nyumba na kujua familia kwa majina. Wanafundisha tayari kunawa mikono na kupika masosoma. Kuwaongezea somo la kucheza na mtoto, na kuwapa kitu kidogo kwa kazi hiyo, ni gharama ndogo kuliko kujenga jengo jipya.

Kuna watakaosema: watu wana njaa, nanyi mnaleta habari za michezo. Pingamizi hilo ni la haki, maana mama ambaye hajapika tangu jana hawezi kuambiwa aimbe. Lakini mambo haya mawili hayashindani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliweka pamoja mahitaji matano ya mtoto mdogo: afya, chakula, usalama, mlezi anayemjibu, na nafasi ya kujifunza mapema. Waliyaunganisha kwa sababu moja inabeba nyingine. Mtoto aliyenyamaza kwa huzuni anakataa hata uji uliopo. Mama anayecheka naye anamlisha kijiko kimoja zaidi.

Materneli ni ya nani?

Tangu mwezi wa tisa mwaka 2019, masomo ya primeri ya serikali yanatolewa bila malipo, kama katiba ya 2006 inavyotaka katika kifungu chake cha 43. Materneli, ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, haimo ndani ya ahadi hiyo. Nyingi ni za watu binafsi au za makanisa, na mzazi analipa minervali. Himbi au Katindo watoto wanavaa sare na kubeba gamelo. Majengo au Mugunga, mtoto wa umri uleule anabaki na dada yake wa miaka minane, wakati mama amevuka Petite Barrière kutafuta pesa za jioni.

Hatumlaumu mama, wala dada. Dada mkubwa amelea watoto wa Kivu tangu zamani, na wengi wetu tulibebwa mgongoni namna hiyo. Lakini zamani bibi alikuwa uani, na dada alikuwa na mtu wa kumwita. Leo familia moja iko katika chumba cha kukodi katikati ya watu isiowajua, na dada huyo mwenyewe anakosa darasa.

Kongo ina jibu la bei nafuu linalofahamika: nafasi za jamii za kuamsha watoto, ambako mama wa mtaa waliopata mafunzo wanakusanya wadogo kwa saa chache, katika kivuli cha kanisa au ua wa shule. Hazihitaji meza. Zinahitaji maji, choo, mtu mzima anayejulikana, na ulinzi wa kuhakikisha kwamba hakuna mtu mbaya anayeingia. Parokia na misikiti ya Goma, ambayo ilipokea wakimbizi bila kungoja amri ya mtu, ina viwanja vinavyobaki vitupu tangu jumatatu mpaka ijumaa.

Anayelea naye ameumia

Kuna kitu kimoja ambacho mipango mingi inasahau. Mikono isiyotetemeka haipatikani kwa mtu ambaye hajalala. Mama aliyebakwa njiani kutafuta kuni, baba aliyepoteza mashamba yake Masisi na sasa anasukuma chukudu ya mtu mwingine, bibi aliyezika wana wawili: hao ndio tunaowataka watulize watoto. Wengi wanajaribu. Wengine hasira yao inaanguka juu ya mtoto kwa fimbo, na mtoto aliyekojoa kitandani kwa hofu anapigwa kwa kukojoa, kisha anakojoa zaidi.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto wa Kongo, lakini nyumbani sheria inafika polepole. Kinachofika haraka ni mazungumzo kati ya wazazi wenyewe. Vikundi vya mama vya likelemba vinakutana tayari kila juma kwa ajili ya akiba. Makanisani kuna vikundi vya baba. Hapo mtu anaweza kusema kwamba hana nguvu tena, na akasikia kwamba si yeye peke yake. Kwa wachache ambao hali yao ni nzito, iwe mzazi au mtoto, wanahitajika wataalamu, na hao ni wachache mno katika jimbo letu.

Tukumbuke pia kwamba watoto wengi waliopita katika vita wanapona. Kumwita mtoto aliyeharibika ni kumfungia mlango kabla hajajaribu. Wanaopona mara nyingi wana kitu kimoja cha pamoja: mtu mzima mmoja, angalau mmoja, ambaye hakuwaacha.

Nani afanye nini

Mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, pamoja na tamko la Doha la tarehe 19 Julai kati ya Kinshasa na AFC/M23, yote yanagusa kurudi kwa wakimbizi. Kurudi huko kunahesabiwa kwa familia na kwa kilomita. Kwa mtoto wa miaka minne aliyezaliwa njiani, kijiji cha wazazi ni mahali pageni. Anachokijua kama nyumbani ni watu. Mpango wowote wa kurudisha watu unaotenganisha bibi na wajukuu, au unaopeleka familia mahali pasipo kituo cha afya, unamhamisha kwa mara ya nne.

Wanaouongoza mji leo, na wale wa Kinshasa wanaodai kuwa na madaraka juu yake, hawakubaliani juu ya mengi. Lakini kuna mambo manne yasiyongoja saini yao: kuacha CPS ifanye kazi bila vizuizi na dawa zipite, kuwapa RECO mafunzo ya malezi, kukagua vituo vya mayatima na kuuliza kila mtoto ana ndugu wapi, na kufungua viwanja vya shule kwa wadogo saa ambazo havitumiki. Kwa upande wa nyumba kumi, mkubwa wake anajua ni mlango gani una watoto wadogo wanaofungiwa ndani mchana kutwa.

Kwa mzazi anayesoma haya jioni, baada ya siku ndefu, kazi ni ndogo lakini ni ya kila siku. Mwambie mtoto unapokwenda na utarudi lini, na usitoroke akiwa analala. Chakula na usingizi viwe saa ileile kadiri unavyoweza. Akiuliza juu ya milio ya risasi, mjibu kwa maneno mafupi ya kweli. Akikojoa kitandani, badilisha nguo na nyamaza. Usiku, kabla taa haijazimwa, msimulie hadithi ya sungura kama ulivyosimuliwa wewe.

Mtoto aliyezaliwa Bunagana ilipoanguka atafikia umri wa darasa la kwanza mwaka 2028. Mwalimu atakayempokea atajua, katika juma la kwanza tu, kama miaka hii kuna mtu aliyemwangalia.